Mshale wa pili: mafundisho ya Buddha na maisha yetu ya kila siku Songwe

Lori liko kwenye foleni ya kuingia mpakani Tunduma. Dereva alitarajia kuwa ameshavuka kwenda Nakonde tangu jana. Bosi anapiga simu kila baada ya saa moja, posho inakaribia kuisha, na nyuma yake kuna mwenzake anayepiga honi kana kwamba honi ndiyo inayofungua geti. Kuchelewa huko ni shida moja. Hasira ambayo dereva amekuwa akiichochea tangu alfajiri, mpaka anamtukana mama anayemuuzia chai, hiyo ni shida nyingine. Ya kwanza hakuileta yeye. Ya pili ameitengeneza mwenyewe, na bahati mbaya ndiyo atakayolala nayo hata akishavuka.

Tofauti hiyo kati ya shida inayotujia na shida tunayojiongezea ilielezwa huko India miaka ipatayo 2500 iliyopita na mwalimu aliyeitwa Siddhartha Gautama. Dunia inamfahamu zaidi kwa jina la Buddha, yaani Aliyeamka. Kwetu Songwe jina hilo si geni kabisa, wengi tumeona sanamu yake kwenye filamu, mtu aliyekaa amekunja miguu na kufumba macho. Lakini alifundisha nini, na je, kuna chochote ndani yake cha kumsaidia mkulima wa kahawa Mbozi au mwendesha bodaboda wa Mlowo? Hilo ndilo tunaloeleza hapa.

Mfano alioutoa ni huu. Mtu amepigwa mshale. Inauma, hakuna ubishi. Kabla mshale haujatolewa, anapigwa wa pili pale pale. Buddha alisema watu wengi tunaishi hivyo: mwili ukipata maumivu, au mambo yakiharibika, moyo nao unarusha mshale wake. Tunalaumu, tunaogopa, tunakumbuka mabaya yote ya nyuma, tunapanga kisasi. Aliyejizoeza kutulia naye hupigwa mshale wa kwanza kama sisi. Tofauti ni kwamba wa pili haujamfikia.

Msikilizaji, utaona mfano huu haukuhitaji India. Bei ya kahawa imeshuka, huo ni mshale wa kwanza. Kurudi nyumbani na kuwafokea watoto kwa sababu bei imeshuka, huo ni wa pili. Mfanyabiashara wa nafaka amebadilisha fedha mpakani na kesho yake kwacha imeyumba, amepata hasara. Akaenda kuchukua mkopo wa kausha damu usiku huo huo kwa sababu hawezi kuvumilia aibu ya kuonekana ameanguka. Hapo mshale wa pili umeingia ndani kuliko wa kwanza, na una riba.

Mtoto wa tajiri aliyeondoka nyumbani

Gautama alizaliwa Lumbini, mahali ambapo leo ni nchi ya Nepal, katika familia ya watawala. Wapokezi wa habari zake wanasema alilelewa kwa raha, akiwa amefichwa mambo ya huzuni. Siku alipotoka na kuona mzee, mgonjwa na maiti, hakuweza tena kurudi kwenye raha ile kana kwamba hakuona. Akaiacha nyumba, mke na mtoto akiwa na umri wa miaka 29. Akajaribu kufunga chakula mpaka akabaki mifupa, akaona hilo nalo halimfikishi popote. Mwishowe akaketi chini ya mti, mahali panapoitwa leo Bodh Gaya, akatulia na kutazama jinsi moyo wa binadamu unavyofanya kazi.

Alichokipata alikieleza kama mganga wa hospitali anavyoeleza ugonjwa. Kwanza, maisha yana mateso na mambo yasiyoridhisha. Pili, mateso hayo yana chanzo, nacho ni ile kiu ya kung'ang'ania: tunataka kinachopendeza kisiondoke na kisichopendeza kisije. Tatu, kiu hiyo inaweza kutulizwa. Nne, ipo njia ya kuituliza, na njia hiyo ni mwenendo mwema pamoja na mazoezi ya akili. Katika mwenendo aliwataka wafuasi wake wa kawaida waache mambo matano: kuua, kuiba, uzinzi, uongo na vileo. Wapenzi wa kimpumu na komoni watakuwa wameguna hapo. Na si wao tu, kwani aliwaasa pia wafuasi wasifanye biashara ya silaha, ya kuuza watu, ya sumu, ya vileo wala ya nyama. Ukilipitisha agizo hilo kwenye soko lolote la kwetu, utafunga mabucha yote na vilabu vyote kabla ya saa sita mchana. Hatudhani kuna haja ya kwenda hadi huko ili kunufaika na mengine aliyofundisha.

Mama na punje ya haradali

Kuna simulizi moja ya Wabuddha ambayo tunaamini inatugusa sisi wa mkoa huu kuliko nyingine yoyote. Ni ya mama mmoja kijana, Kisa Gotami. Mtoto wake wa pekee alifariki akiwa bado mdogo. Mama hakukubali. Alimbeba mtoto, akapita nyumba kwa nyumba akiomba dawa ya kumwamsha. Watu walimwona amerukwa na akili. Mmoja akamwelekeza kwa Buddha.

Buddha hakumhubiria, wala hakumwambia jikaze. Alimwambia atafute punje za haradali, ile ile mbegu ndogo tunayoisikia kwenye Injili, naye atamtengenezea dawa. Ila punje hizo zitoke kwenye nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Mama akaanza kupiga hodi. Haradali ilikuwepo kila nyumba, tena walimpa kwa moyo mmoja. Lakini alipouliza, huku walimwambia wamemzika baba, kule binti, kule mume. Jioni ilipoingia hakuwa na punje hata moja anayoweza kuitumia. Alikuwa ameelewa. Akamzika mwanawe, akarudi kwa mwalimu na mikono mitupu.

Tunaisimulia kwa sababu hapa kwetu msiba mara nyingi huja na swali: ni nani? Mtoto amefariki kwa homa, ng'ombe wamekufa wawili kwa wiki moja, kijana aliyekuwa anaanza kufanikiwa amepata ajali barabarani. Kabla matanga hayajaisha, minong'ono imeanza juu ya bibi fulani anayeishi peke yake mwisho wa kijiji. Halafu wanaitwa lambalamba. Wananchi wanachangishwa fedha, hata yule asiye na akiba ya mahindi, na wageni hao wanapita nyumba hadi nyumba wakidai kufukua uchawi. Baada ya wao kuondoka, kijiji kinabaki na majina. Mwenye jina hapewi moto na jirani, watoto wake wanasemwa kisimani, na kuna mahali mambo yameishia kwenye damu.

Serikali imepiga marufuku ramli chonganishi mara nyingi, na Sheria ya Uchawi, Sura ya 18, inamgusa hata anayemtuhumu mwenzake kuwa mchawi. Lakini sheria inafika baada ya maneno kusemwa. Simulizi ya haradali inafika mapema zaidi, pale ambapo mfiwa bado anatafuta mahali pa kuuweka uchungu wake. Uchungu wa kufiwa ni mshale wa kwanza. Kumtafuta bibi wa kuubeba ni wa pili, na mshale huo ukirushwa unampiga mtu mwingine kabisa.

Angalia pia Buddha alimpa yule mama kazi gani. Alimtuma kwa majirani. Lambalamba naye huenda kwa majirani, ila yeye anaenda kutafuta mkosaji. Yule mama alikwenda akakuta wafiwa wenzake.

Na kwa wale wanaosema kwamba jambo hili ni la mila na limethibitishwa na wazee, Buddha aliwahi kuulizwa swali la namna hiyo na watu wa mji wa Kesaputta. Walimlalamikia kwamba kila mwalimu anayepita anasifu mafundisho yake na kuyaponda ya wenzake, wamwamini nani? Aliwajibu wasikubali jambo kwa sababu tu linavuma, au limerithiwa, au limesemwa na mtu wanayemheshimu. Walipime kwa matunda yake: likifuatwa, linaleta madhara au linaleta manufaa? Chukua kipimo hicho ukiweke kwenye kijiji ambacho lambalamba wamepita miaka miwili iliyopita. Jibu litaonekana kwenye nyumba zilizobomolewa na ndugu wasiosalimiana.

Je, ni kubadili dini?

Hili ni swali la haki katika mkoa wenye makanisa mengi kama wetu, na misikiti pia. Jibu letu ni kwamba Ubuddha ni dini kamili yenye waumini mamia ya mamilioni, hasa Asia, na anayeufuata kwa ukamilifu ameingia dini. Ila yale mazoezi ya kutulia, ambayo kwa Kiswahili wengine huyaita taamuli au tahajudi na vijana wa mjini huyaita meditesheni, yanafanywa leo na Wakristo, Waislamu na watu wasio na dini bila kuacha walichokiamini.

Mfano mzuri ni S. N. Goenka, na wafanyabiashara wa Tunduma watamwelewa haraka. Alizaliwa mwaka 1924 Mandalay, nchini Burma, ambayo leo ni Myanmar, katika familia ya wafanyabiashara wa asili ya India. Alitajirika akiwa kijana, na utajiri ukamletea maumivu makali ya kichwa, mpaka akawa anapunguziwa kwa morfini. Alizunguka nchi za nje kutafuta tiba, akakosa. Rafiki akamshauri aende kwa U Ba Khin, ambaye hakuwa mtawa bali mhasibu mkuu wa serikali aliyekuwa akifundisha watu kutulia. Goenka aliogopa. Alikuwa Mhindu wa kushika dini, hakutaka kugeuzwa. Na alipofika, mhasibu yule naye nusura amkatae, akimwambia kwamba kama amefuata dawa ya kichwa tu, basi hapo si mahali pake. Alipokubali kuja kwa ajili ya kuusafisha moyo, akapokelewa, mwaka 1955. Kichwa kilipona baadaye kama nyongeza. Tangu 1969 alianza kufundisha India, na hadi anafariki mwaka 2013 kozi zake za siku 10 za ukimya zilikuwa zimeenea duniani, zikafika hata Kenya. Hazina ada, zinaendeshwa kwa michango ya waliokwisha kuzihudhuria.

Buddha mwenyewe alifananisha mafundisho yake na chelezo. Ukifika kwenye mto uliofurika, tuseme Momba wakati wa masika, unafunga magogo, unavuka. Ukishafika ng'ambo huchukui chelezo kichwani na kutembea nacho hadi nyumbani kwa sababu kilikufaa. Kwa msikilizaji anayehofia imani yake, mfano huo unatosha: chukua kinachokuvusha.

Wala si jambo la mbali kama linavyodhaniwa. Dar es Salaam, eneo la Upanga, kuna hekalu la Wabuddha lililoanzishwa na watu waliotoka Sri Lanka zaidi ya miaka 100 iliyopita, enzi za Mwingereza, na linapokea wageni wanaotaka kujifunza kutulia. Nchini Uganda, karibu na Entebbe, kuna kituo kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita. Alilelewa Mkatoliki, akaenda India mwaka 1990 kusomea biashara, akakutana huko na watawa kutoka Thailand. Alipokea utawa Marekani mwaka 2002, kisha akarudi kwao.

Hospitalini nako zoezi hili liliingia. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, wa Chuo Kikuu cha Massachusetts nchini Marekani, alianzisha mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu ambayo madaktari walishindwa kuyamaliza. Alichukua mazoezi ya Wabuddha, akaacha pembeni ibada na sanamu. Leo mafunzo ya namna hiyo hutolewa katika hospitali nyingi kwa watu wenye msongo wa mawazo.

Tusiseme zaidi ya ukweli

Kutulia hakupunguzi foleni hata kwa lori moja. Hakulipi deni la VICOBA, wala hakumharakishii mkulima malipo yake kutoka AMCOS. Na si mbinu ya kuwafanya watu wanyamaze wanapodhulumiwa. Ukidhulumiwa mpakani, peleka malalamiko, tena yaandike vizuri; aliyetulia huandika malalamiko yanayosomeka kuliko aliyefura. Mshale wa kwanza nao hutolewa pale inapowezekana.

Wala kuitwa Mbuddha hakumfanyi mtu kuwa mwema. Mwaka 2017 zaidi ya watu 700,000 wa kabila la Rohingya walikimbia Myanmar, nchi yenye Wabuddha wengi, wakikimbia mauaji na kuchomewa nyumba, na kati ya waliokuwa wakichochea chuki kwa miaka kadhaa kabla ya hapo walikuwemo watawa. Buddha aliwafundisha watu wapime mambo kwa matunda, na kipimo hicho kinawahusu wafuasi wake pia.

Jambo jingine ni ugonjwa. Mtu asiyelala kwa wiki kadhaa, anayesikia sauti, au anayewaza kujiua, asiambiwe kakae ufumbe macho. Kwa mtu wa namna hiyo ukimya unaweza hata kuzidisha hali. Apelekwe kituo cha afya, asindikizwe na mtu anayemwamini, na dawa akipewa azinywe kama alivyoelekezwa.

Namna ya kuanza

Huhitaji mkeka maalumu, uvumba wala kukunja miguu kama kwenye sanamu. Kigoda kinatosha, gunia la mahindi linatosha. Kaa mgongo ukiwa wima bila kujikaza, mikono juu ya mapaja. Fumba macho, au tazama chini. Weka kengele ya simu ilie baada ya dakika tano, kisha zima intaneti, maana ujumbe wa WhatsApp hauna subira.

Sasa sikiliza pumzi puani. Usiivute kwa nguvu, iache ije yenyewe. Ikiingia, jua imeingia. Ikitoka, jua imetoka. Wengine huhesabu kila pumzi inayotoka, moja hadi kumi, halafu wanaanza upya. Hutafika kumi. Ukifika tatu utakuwa umeshafika kwenye ada ya shule, au kwa shemeji aliyekusema vibaya kwenye harusi. Watu wengi hapa hukata tamaa na kusema jambo hili haliwezekani, kumbe hapo ndipo lilipo lenyewe. Ukigundua umeondoka, rudi kwenye pumzi bila kujigombeza. Kujigombeza ni mshale wa pili mdogo. Kila unaporudi umefanya zoezi mara moja, sawa na jembe linavyonyanyuka na kushuka.

Baada ya wiki mbili tatu kinachobadilika ni kidogo, lakini kinaonekana. Hasira haiachi kuja. Ila unaanza kuiona inavyokuja: kifua kinabana, taya zinakaza, masikio yanapata moto. Ile nafasi ya sekunde mbili kati ya kuiona na kufungua mdomo ndiyo faida yenyewe. Katika sekunde hizo mtu anaweza kuweka fimbo chini, au kuahirisha jibu mpaka kesho.

Mkulima wa kahawa ana bahati hapa. Wakati wa kuchuma, mkono unatafuta punje nyekundu na kuziacha za kijani, moja baada ya nyingine, siku nzima. Fanya kwa nusu saa bila redio (tunasema hivyo dhidi ya maslahi yetu) na akili ikae kwenye vidole. Kutembea kwenda kisimani kunafaa vilevile, ukihisi mguu unavyogusa njia.

Zoezi la pili huitwa mettā, yaani kuutakia moyo wako mema na kuwatakia wengine. Anza na wewe: niwe salama, nitulie. Halafu mwenzi wako na watoto. Halafu mtu usiyemjua vizuri, kama yule mama wa chai. Mwisho mtu mliyegombana naye, pengine kwa mpaka wa shamba. Kwa huyo usianze na ugomvi mkubwa, anza na mdogo. Haina maana kwamba umemwachia shamba. Kesi iendelee baraza la ardhi kama kawaida, ila usiku ulale.

Kwa madereva na vijana wa bodaboda tuna angalizo moja. Zoezi hili lifanyike injini ikiwa imezimwa, kijiweni au kwenye foleni, kamwe lisifanyike chombo kikiwa barabarani. Na kwenye foleni mwambie utingo akuamshe ukisinzia, kwa sababu dakika tano za kufumba macho baada ya safari ndefu ya TANZAM huwa zinageuka saa nzima, na lori la mbele litakuwa limesogea.